Nilimwandikisha Karani Uongo, Mikono ya Watu Ikachubuka

Barua hii ilitufikia kwa hati za Kiarabu. Tumegeuza herufi tu, na majina yote tumeyabadilisha.

Wasomaji wa ukurasa huu, assalaamu alaykum. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na saba, mkaazi wa Mjini hapa Unguja. Nna mke na watoto wanne, wote washakuwa na majumba yao. Kwa miaka ishirini na mbili nlikuwa fundi wa kupika sabuni katika kiwanda kimoja kidogo. Mhariri kaniahidi kunisitiri, basi nitasema yote, hata yale ya kunifedhehesha.

Sabuni ya nazi hupikwa kwa mafuta na magadi makali, yale ambayo yakikurukia yanakuunguza ngozi. Kipimo chake nlikuwa nnakijua peke yangu. Wakati wa kupima nlikuwa nikiwatoa wenzangu nje na kufunga mlango. Kabla ya kumimina, nlikuwa nikichota kidogo kwa kijiti na kugusa kwa ncha ya ulimi. Ikiuma, magadi yamezidi, naongeza mafuta. Tajiri wa kwanza, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniuliza kitu. Alipokufa akaja mwanawe, nitamwita Nassor, pamoja na karani wake, Salum.

Siku moja Nassor akaniita barazani. "Fundi, wewe ukiumwa wiki moja, kiwanda kinalala wiki nzima. Ujuzi huu lazima uandikwe, kila mtu hapa aujue. Utakaa na Salum umwambie kila kitu."

"Na nikishamwambia?"

"Ukishamwambia tutakuwa na daftari."

Jibu hilo lilinichoma. Mwaka uliotangulia alimfanyia hivyo hivyo Khamis, fundi wa kinu cha mafuta. Khamis alifundisha watu wawili kwa moyo mmoja, na walipojua, akaambiwa akapumzike kwao Mkokotoni. Nlimwona akitoka na mswala wake kwapani, hakuna hata aliyemsindikiza. Nikaapa mimi hawatanikamua tui wakanitupa kama chicha.

Salum ni mtu mzima wa miaka arubaini, mpole, kwao Makunduchi. Alikaa nami siku nne akiandika kwa herufi za Kizungu, ambazo mimi sizisomi. Kila baada ya maneno mawili matatu ananirudia: "Mzee, nimeandika hivi, ndivyo?" Upole wake ukazidi kunitia hasira. Kipimo cha magadi ni makopo matano, nlimwambia saba. Habari ya ulimi sikuitaja kabisa. Alipouliza, "Na nitajuaje kama imekuwa sawa?" nikamjibu, "Ikishika mwiko, mimina." Akaandika, akanishukuru.

Wiki mbili baadaye Nassor akanambia, "Fundi, umetumikia sana. Sasa kapumzike." Nawaambieni kweli, nlirudi nyumbani nimefurahi. Nlikuwa nnangoja waharibikiwe.

Nlidhani wateja watairudisha sabuni, basi, Nassor apate aibu. Wanaofua sikuwafikiria. Mtaani kwetu yuko Bi Mize, mjane anayeishi kwa kufua nguo za watu. Baada ya miezi miwili mke wangu akanambia twende tukamtazame. Tulimkuta amekaa ukumbini, viganja vimechubuka mpaka nyama inaonekana, binti yake anamlisha uji kwa kijiko. Akasema, "Sabuni ya kiwandani kwenu hiyo. Tangu ulipoondoka imekuwa moto. Ungekuwepo, ingekuwa hivi?" Mke wangu akanijibia kwamba isingekuwa. Mimi nikatazama mkeka.

Kesho yake Salum akaja kwangu. Malalamiko yalikuwa yameshafika kiwandani, na Nassor alimfukuza kazi na kumtukana mbele ya watu kwamba hajui kusikia wala kuandika. Nlimkaribisha, hakutaka kukaa. Akasimama pale mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kuuliza neno moja tu, moyo wangu utulie. Makopo saba ulisema wewe, au nilisikia vibaya?"

Alikuwa ananitazama machoni. Hapo ndipo nlipokuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikamwambia, "Ulisikia vibaya."

Akainamisha kichwa. "Basi niwie radhi, mzee. Nimekuharibia kazi ya miaka yako yote." Akaenda zake, na nasikia karudi Makunduchi analima mihogo.

Sasa Nassor anatuma watu kunibembeleza nirudi. Simpendi na sitampenda. Nikimwona mbele yangu nageukia uchochoro mwengine. Kila nikikaa namlaani, kwa alivyomfanyia Khamis na alivyonifanyia mimi, mawazo yanaishia kwa Bi Mize na kwa Salum, na hao hawakunikosea kitu. Nikirudi kazini kimya kimya, sabuni itakuwa nzuri na Salum atabaki na aibu yangu. Nikisema kweli, Nassor atapata la kunishitakia, na wanangu watanyooshewa vidole mtaa mzima.

Juzi nlimweleza mke wangu. Tangu siku hiyo hanisemeshi, ananiwekea chakula na kuondoka. Aliniambia neno moja tu: "Nenda Makunduchi kwanza."

Gari la shamba la kwenda kusini, mpaka Makunduchi, linaondoka Darajani kila asubuhi. Nshakwenda mara mbili, nikasimama nikalitazama mpaka likajaa, likaondoka. Nishaurini, nyinyi msionijua. Nikipanda, nikafika, nimwambie nini mtu aliyeniomba radhi kwa kosa langu mimi?