Nguo ya Merikani ya Mwanamvua Mkubwa

Usiku ule wa kuamkia tambiko nililala nimeikumbatia nguo. Lakini kwanza mnisamehe. Niliishia darasa la saba, mwandiko wangu hupanda na kushuka, na huenda maneno mengine nimeyakosea herufi. Naandika polepole kwa sababu sitaki kuacha kitu.

Nguo yenyewe ni merikani, ile nyeupe isiyo na ua. Kijijini kwetu, nyuma ya Bagamoyo, kila baada ya mavuno tunatambika kwenye kaburi la Mwanamvua Mkubwa, mama wa ukoo wetu, ambaye hata Bibi yangu hakumwona ila kwa kusimuliwa. Mwanamke aliyerithi jina lake hufunga merikani mpya kwenye mti wa kichwani mwa kaburi, kisha husema mbele ya ukoo kwa nini nguo ni hiyo na si nyingine. Miaka yote alisema Bibi. Bibi alifariki masika iliyopita. Mwanamvua aliyebaki ni mimi, na mimi nikiulizwa jina mbele ya watu natazama vidole vya miguu.

Jioni ile baba mdogo aliiona nguo mapajani mwangu akatikisa kichwa.

"Hii tuiache mwaka huu. Jina lenyewe linasema ni ya nani. Wamarekani waliwatupia wazee nguo, na sisi mpaka leo tunaitundika kaburini. Watu wanatucheka."

"Wanakucheka wewe na hiyo fulana ya timu ya Ulaya," shangazi akamjibu, na watu wakaangua kicheko.

"Fulana nimeinunua, dada! Ile walipewa." Akanigeukia. "Haya, mwenye jina. Walipewa au hawakupewa? Kesho ukinijibu, nitaifunga pamoja nawe. Ukinyamaza, tunaiacha moja kwa moja."

Nikatazama vidole vyangu. Nilijua Bibi angejibu, na nilijua kwamba nikikosa maneno, jambo lililobebwa na wanawake wote wa jina hili litaangukia mikononi mwangu na kufa.

Basi nikalala. Bibi akaja.

Alisimama mlangoni na kanga yake ya kijani, ile aliyoipenda kuliko zote. Hakunisalimu. Alisema, "Inuka, tukachimbe," kama mtu anayeniita kisimani.

Sikutembea. Nilijikuta tu msituni, kwenye yale mashimo ambayo mbuzi wetu hutumbukia. Lakini sasa si mashimo ya zamani. Udongo ni mwekundu, mbichi, na watu wamezama ndani mpaka kiunoni, wanachimba huku wanaimba. Mwanamke mmoja mfupi, mwenye mabega mapana, anatoa donge ardhini, anapangusa mchanga. Ngozi ya donge ina vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Analing'ata.

"Halinati," anasema. "Hii ni sandarusi, utomvu wa kale uliogeuka jiwe. Chakazi hunata menoni. Utomvu wa juzi huo, bado haujakomaa ardhini."

Nikamtambua Mwanamvua Mkubwa kwa sababu ana paji langu la uso.

Kisha tupo dukani, pwani. Mzungu mmoja kutoka Amerika, pua imeungua kwa jua, anachagua madonge kwenye kikapu cha Mwanamvua Mkubwa. Anaokota moja linalong'aa sana. Watu wanakonyezana.

"Mgeni huyo," anasema Mwanamvua. "Linalong'aa ndilo analolitaka. Hebu ng'ata, bwana."

Mzungu anang'ata. Meno yanashikana. Duka zima linacheka, na yeye mwenyewe, akishayaachanisha, anacheka. Mwanamvua anamnyang'anya donge lile, analitupa nje. "Limejichanganya. Chakazi hatuiuzi kwa jina la sandarusi." Anamwekea lenye vipele.

Inakuja zamu ya nguo, ndiyo malipo yake. Karani wa mzungu anaanza kupima merikani kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mkono wake ni mfupi kama wa mtoto.

"Ngoja," anasema Mwanamvua. "Mwiteni Kibwana!"

Anaingia mwanamume ambaye vidole vyake vinagusa magoti. Mzungu anashika kichwa. Kibwana anapima, anapima, na nguo inamwagika, inatoka mlangoni, inakuwa njia nyeupe juu ya maji. Tunaikanyaga mimi na Bibi. Miguu yetu hailoi.

Njia inaishia Unguja, barazani kwa Sultani. Mgeni kutoka Amerika amekaa na koti zito katika joto lile, jasho linamtiririka shingoni. Anasubiri.

"Taifa lao bado changa," Bibi ananinong'oneza. "Juzi tu wamejitoa kwa waliokuwa wakiwatawala. Wanatafuta bandari za kuwapokea. Mtazame vizuri. Amekuja kuomba."

Sultani anakunywa kahawa bila haraka. Kisha anakubali, na mkataba wa biashara unaandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza.

Nje ya ukuta kuna watu wamekaa chini na minyororo. Hakuna anayewapa kahawa. Nataka kugeuza uso, Bibi ananishika kidevu.

"Hao nao waone. Fahari isiyowaona hao ni ya uongo."

Nikawaona. Mmoja aliniona pia.

Kisha baridi. Merikebu ya Sultani imetia nanga kwao, Amerika, na watu wamejaa gatini kuwashangaa mabaharia wetu wenye vilemba. Bibi ananipitisha katikati yao, ananiingiza kwenye nyumba moja yenye meza. Meza imepakwa kitu kinachoing'arisha hata nauona uso wangu ndani yake.

"Bibi, hii imepakwa nini?"

"Unaniuliza mimi, na kucha zako zina udongo?"

Natazama kucha. Ni nyekundu, udongo wa shimo la sandarusi.

Upande wa pili wa meza amekaa Mwanamvua Mkubwa. Ananirushia ncha ya nguo.

"Shika. Pima kwa mkono wako." Nanyoosha mkono. Anasema, "Mwanangu, nilishuka shimoni, nikapanda na kitu walichokivukia bahari. Hii nimeinunua. Kawaambie."

Nikaamka. Mkono wangu ulikuwa umenyooka hewani, na ncha ya merikani imo vidoleni. Jogoo walikuwa wanawika.

Nilitoka hivyo hivyo, kabla woga haujaamka. Baba mdogo alikuwa uani anapiga mswaki, amevaa fulana yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama."

"Fulana yako uliinunua?"

"Si nilisema jana?"

"Na Mwanamvua Mkubwa aliinunua merikani yake. Kwa sandarusi, kutoka mashimo yale ya mbuzi. Walikuja kuitafuta wao."

Nilikuwa namtazama usoni. Akatema, akasukutua, akafuta mikono kwenye fulana.

"Kayaseme hayo kaburini kwa sauti hiyo hiyo," akasema. "Na ncha moja nipe mimi."

Niliyasema. Pamoja na wale wa minyororo, niliwasema.

Nanyi mnaosoma, kama kwenu kuna mashimo kama yetu, au bibi aliyewaambia wazee walitoa nini wakapata merikani, niandikieni. Nitawajibu, ingawa polepole.