Jiwe la Kuogea

Dada yangu alipofariki, watoto wake wawili walibaki na mimi na mama yangu hapa Ilembo. Mkubwa ana miaka saba, mdogo ana minne. Miezi michache baadaye mtu alimuuliza yule mdogo, kanisani, mama yake alikuwaje. Akasema hajui. Sikulia. Nilirudi nyumbani nikachukua jembe.

Niliona niwatengenezee bustani nyuma ya nyumba, pale dada alipokuwa akilima mboga, wawe na kitu cha kumkumbuka. Mimi si msemaji, nisingeweza kuwasimulia. Dada alipanda ovyo, mchicha ndani ya maboga, njia imepinda. Nilivuta kamba nikanyoosha kila kitu kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Matuta manne, matofali pembeni, nikayapaka chokaa. Jiwe bapa lililokuwa chini ya mgomba likawa katikati ya tuta la nyanya. Nikalibiringisha mpaka mlango wa jikoni, liwe ngazi.

Mama alitoka akaangalia.

"Umetujengea shule," akasema. "Kengele iko wapi?"

Tangu msiba, mama alikuwa akiwaogesha watoto ndani kwa sababu ya mvua. Sasa mvua zilikuwa zimeisha. Jioni aliweka beseni nje. Mdogo akavua nguo, akaenda moja kwa moja kusimama katikati ya miche ya nyanya.

"Toka hapo, unakanyaga," mkubwa akamwambia.

"Mama anatuogeshaga hapa."

"Jiwe lenyewe halipo, we. Mjomba kalitoa."

Kwetu watoto huogeshwa chini ya mgomba, maji yaende kwenye ndizi. Nilijua. Mimi mwenyewe niliogeshwa juu ya jiwe lile, na aliyenisugua alikuwa dada. Sijui kwa nini sikulifikiria nilipokuwa nalibiringisha.

Nikalirudisha. Miche sita ililala chini yake. Halikukaa kama zamani.

"Linacheza, Mjomba," mdogo akasema akiwa juu yake.

Nikachomeka kipande cha tofali chenye chokaa upande mmoja. Likatulia. Nikachota maji. Alikuwa ameshafumba macho.

"Mama anaanzaga na masikio," akasema.

Nikaanza na masikio.