Darasa Lililogeuzwa Kwaya

Sijui niliyemkasirikia zaidi ni mwalimu au waliocheka. Nadhani ni mwalimu.

Mama yangu alianza kusoma uzeeni, kule Mishamo, kwenye darasa la watu wazima lililokuwa likifanyika kanisani watu wakishatoka shamba. Haja yake ilikuwa moja: zamu ya akina mama kusoma Neno Jumapili ilikuwa inamruka kwa sababu hajui kusoma, naye amechoka kurukwa. Mwalimu, kijana wa palepale, alibandika chati ya silabi ukutani, akawafundisha kuiimba. Ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, mpaka za ze zi zo zu. Na waliimba vizuri, Mungu wangu! Wageni walipokuja kukagua, darasa likatoa hadi sauti ya pili, wageni wakapiga makofi, mwalimu akasifiwa. Mama aliimba chati hiyo akipalilia, aliiimba akisonga ugali. Hakuna aliyewahi kumwonyesha silabi moja peke yake akamwuliza, hii ni nini?

Jumapili yake ikafika. Nilisafiri kutoka Mpanda mjini nikamsikilize. Akasimama mbele na kitenge kipya, kipaza sauti mdomoni. Neno la kwanza lilikuwa "Wakati". Akaliangalia. Kisha, kwa sauti ya chini, akaanza: ba be bi bo bu... Ili aipate "wa" ilibidi aanzie juu kabisa ya chati, ashuke nayo mstari kwa mstari. Kanisa zima likasikia. Mwanamke mmoja wa benchi la nyuma akadhani ni pambio, akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata. Walipogundua, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama akarudi kukaa, kajifunika kitenge mdomoni.

Nilimfuata mwalimu nje, nikamwuliza amemfundisha mama nini.

"Dada, mbona darasa langu linasifiwa?" akasema. "Nyie wa mjini mnapenda lawama."

"Linasifiwa na waliolisikia likiimba. Wewe umefundisha kwaya!"

Naye akacheka. Mpaka leo kicheko kile kinaniuma.

Sikurudi mjini upesi. Nilikata boksi la sabuni vipande, kila kipande silabi yake, nikavimwaga kwenye ungo na kuvichanganya ovyo. Mama akavichambua kama anavyochambua maharage, kimoja kimoja. Kila alipoanza kuimba nilimkatiza kwa ukali.

"Usinifokee, nimekuzaa mimi!" alinijibu, kisha akaokota kingine.

Zamu ilipozunguka tena, mzee wa kanisa alitaka kumruka, lakini mama alikuwa keshasimama. Alisoma silabi moja, akapumua, akaunga nyingine. Ilichukua muda, watu wakaanza kukohoa. Mzee wa kanisa, kwa huruma yake, akainama akammalizia neno. Mama akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Kaa, mzee," akasema kwenye kipaza sauti. "Hilo nilikuwa nalisoma mimi."

Akasubiri mpaka mzee akakaa, ndipo akaondoa kiganja akalisoma.