Vifuniko Shingoni

Nakumbuka Ijumaa moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nilipotoka msikitini nikapanda gari la binamu yangu Salim badala ya kwenda kijiji cha Sidab kusoma Kurani kwa maalimu wangu. Nilituma salamu kuwa nina udhuru. Udhuru wenyewe ulikuwa bunduki.

Sikuwa na muda mrefu tangu nitoke Unguja. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha madrasa, na binamu zangu waliokulia hapa Maskati walinitania kwa hilo. Salim, Mungu amrehemu, hakuwa na ubaya. Alitania kama ndugu wanavyotaniana. Mimi ndiye niliyeyaweka maneno yake moyoni.

Uwanja wa shabaha ulikuwa nje ya mji, chini ya milima ya mawe matupu. Ami Hamed, sahibu wa baba yangu, alikuwa na bunduki mpya, kubwa, ya wenzo: unausukuma mkono wa chuma ulio chini yake, unaurudisha, na risasi inaingia. Risasi zenyewe zilikuwa nene kama kidole. Kwa kuwa mimi mgeni, alinitanguliza mimi, kama mgeni anavyotangulizwa kahawa. Akanipa na vifuniko vya masikio, nikavivaa.

"Mvishe na kanga kabisa, Ami," Salim akasema. "Huyu wa Unguja asije akakimbia!"

Wakacheka wote. Ami Hamed akageuka kuvaa vifuniko vyake, na mimi nikavishusha vyangu shingoni.

Nilipofyatua, kitako kilinipiga bega nikayumba, na mlima ukaurudisha mlio ule kwangu. Sikio la kushoto likachomwa kama kwa sindano.

"Moja tu?" Nilimwona Salim akicheka kuliko nilivyomsikia. "Yallah, mgeni haondoki na kikombe kimoja!"

Nikausukuma wenzo tena. Nikafyatua mpaka bunduki ikawa tupu.

Ndipo Ami Hamed alipoviona vifuniko shingoni mwangu. Hakunipigia kelele. Aliichukua bunduki yake, akasema karibu na uso wangu, "Kahawa ikikutosha unatikisa kikombe, na hakuna anayekucheka. Hapa ulishindwa nini kusema basi?"

Mluzi ulikwisha kuanza sikioni, mwembamba kama wa birika inayochemka. Daktari aliniambia baadaye kuwa hauponi, na kweli nnao mpaka leo. Tangu Ijumaa ile, mwanangu, sijasikia kimya.

Lakini si hilo linaloniuma zaidi. Maalimu alikuwa mgonjwa, sauti yake imefifia, na katika sisi wanafunzi wake mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimekaribia kukhitimu. Alikuwa akinisomea kama alivyosomewa na maalimu zake, nami narudia peke yangu nyumbani. Baada ya siku ile nikawa naona midomo yake inakwenda, lakini nikipata nusu tu. Akifika mwisho huniinamia: "Umesikia, mwanangu?"

Nami naitikia kwa kichwa.

Ningesema, "Sijasikia, maalimu, nirudilie," angenirudilia mpaka alfajiri. Lakini angeniuliza sikio limepatwa na nini, nami ningelazimika kumwambia udhuru wangu ulikuwa nini. Nikaona haya. Akafurahi kuwa nafahamu upesi, akanisomea mpaka akamaliza. Mwaka haukwisha, akatutoka.

Kwenye matanga wazee walinishika mkono mmoja mmoja. "Alhamdulillahi, elimu yake imebaki kwako." Nikaitikia kwa kichwa tena.

Namshukuru Mola kwa sikio aliloniachia. Kwa hilo nimesomesha watoto wengi. Tukifika zile sura alizonisomea maalimu mwisho, mimi huwapeleka kwa mwalimu mwengine. Wao hudhani mzee wao amechoka.

Basi, mwanangu, ukipewa cha kujikinga, kivae, na wacheke wanaocheka. Kicheko chao kilikwisha jioni ile ile. Jambo likikuzidi, sema basi. Na ukifundishwa na hukusikia, usiitikie kwa haya. Omba urudiliwe maadamu yupo wa kukurudilia.

Mola akuhifadhie masikio yako, akujaalie walimu wapole na ulimi usioona haya kuuliza. Na mimi aniandalie kikao kimoja huko mbele na maalimu wangu, nimwambie neno nililoshindwa kumwambia kule Sidab: sijasikia, nirudilie. Amin.