Mashua ya Kapita na Sauti ya Baba

Mimi sisamehe haraka, na hata kanisani sijifanyi kwamba nasamehe. Kwa hiyo habari ya mashua nitaieleza kama ilivyokuwa, pamoja na furaha niliyoipata, maana niliipata.

Kwetu ni milima ya Masisi, kando ya mojawapo ya yale maziwa madogo ya Mokoto. Enzi za wazungu, mwenye shamba la pareto alijijengea gati la mbao, akafunga hapo mashua ndogo yenye tanga jeupe. Jumapili tukitoka misa tulimwona akizunguka nayo ziwani, haendi popote, havui hata samaki mmoja, na jioni anarudi palepale alipoanzia. Chini yake alikuwapo kapita, msimamizi wa kazi, mtu wa kwetu kabisa, ambaye alitufokea kuliko mzungu mwenyewe.

Baba alikuwa na mtumbwi. Alivusha watu na mizigo yao, na jioni alivua. Mti wa kuchonga mtumbwi kama ule haupatikani kwenye milima yetu ya ng'ombe na maharage. Ulitoka upande wa Walikale, karibu na Mpofi alikozaliwa baba, na kuufikisha kwetu kulikuwa kazi ya majuma mengi na mabega ya watu wengi.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne siku walipotaka kupaka mashua lami. Mvua ilikuwa imelowesha kuni zote. Kapita akautazama mtumbwi wa baba, umepinduliwa chini ya upenu wa banda la mashua, mkavu, akaupasua kwa shoka ili achemshe lami. Mimi nilikuwa majini hadi kifuani, nimeajiriwa siku hiyo kusugua tumbo la mashua kabla haijatolewa. Niliona kila pigo la shoka. Baba alipofika moto ulikuwa umeshika vizuri, na kapita hakusimama hata kumsalimu.

"Ile kitu ilishaoza, Papa," alisema. "Utachonga ingine."

Baba hakuchonga mwingine. Akawa analima maharage ya watu. Kilichomsalia ni sauti. Kule alikozaliwa, mtumbwi huchongwa msituni, kisha huvutwa hadi mtoni, na mtu mmoja ndiye huita ili wote wavute pamoja. Baba alikuja kwetu na kazi hiyo. Boriti ya kanisa, gogo la daraja, chochote kilichowashinda watu, kuanzia Nyamitaba hadi Lushebere, walimtumia habari, naye akavaa koti lake akaenda. Siku hizo hakuwa kibarua wa mtu. Alitembea katikati ya njia, na wanaume wa umri wake wakampisha.

Kazi hiyo ilikuwa na sharti lake. Kabla ya kuvuta, mwitaji huuliza mara tatu chini kuna nini, na anayejibu ni yule aliyepagusa kwa mkono wake. Akishajibiwa, akishaita, lawama yote ni yake. Mzigo ukivunjika, haitwi tena. Hakuna anayemtukana wala kumfukuza. Haitwi tu.

Mwaka wa uhuru mzungu akaondoka. Kapita akahamia kwenye nyumba yake, akalala kitandani mwake, akaanza hata kukohoa kama yeye. Mashua ikabaki imefungwa gatini miaka kadhaa, ikinyonya maji kidogo kidogo. Kisha ikaja barua: mwenye shamba anarudi baada ya mvua, na mashua aikute bandani, kavu na nzima, la sivyo kapita atafute kwa kwenda. Trekta iliyokuwa ikiivuta zamani ilikuwa imekufa, kuku wanataga ndani yake. Ndipo kapita akaja uani kwetu, kofia mkononi na mtungi wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi.

"Papa, bwana iko anarudi," alisema. "Mashua itazama. Bila weye sina muntu."

Nilingoja baba amfukuze. Nilikuwa tayari na mwiko mkononi, nimsaidie.

"Utafute batu makumi mbili," baba alisema. "Na migomba ya kutandika chini."

Kapita alipoondoka nililipuka. Nilimuuliza baba kama amesahau.

"Sijasahau," alisema. "Lakini kazi yangu njo ile."

Hasira ilinishika hadi ugali ukaungua. Usiniulize nilipanga nini, kwa sababu sikuhitaji kupanga. Tangu siku ile ya kusugua nilikuwa najua kitu kimoja ambacho kapita hakukijua. Chini ya mashua, katikati, kulikuwa na bamba la chuma linaloshuka majini, refu kama mguu wa mtu. Mzungu alilivuta juu kwa kamba, likajificha ndani ya sanduku la mbao lililosimama katikati ya sakafu, na ndiyo maana mashua ilipokuwa nchi kavu hakuna aliyeliona. Kapita alikuwa akilikalia lile sanduku akila muhogo wake, akidhani ni la kuwekea vyombo. Ile kamba ilikuwa imeoza zamani. Bamba lilikuwa limeshuka lote, na nilikuwa nimelipapasa kwa mguu wangu mwenyewe nikichota maji pale gatini.

Asubuhi ya kuvuta, wakulima walishuka kutoka mashambani, na wachungaji wakatoka juu malishoni na fimbo zao. Migomba ilitandikwa kwenye mteremko, iking'aa kwa utomvu. Kamba ikafungwa. Baba alisimama mbele, koti limefungwa vifungo vyote.

"Chini iko nini?" aliita.

"Hakuna kitu, Muzee, muvute!" kapita alijibu.

"Weye haukugusa. Nauliza mwenye aligusa." Akageuka, akanitafuta kati ya wanawake. "Njo weye ulikuwa unaosha hii mashua. Chini iko nini?"

Neno moja lingetosha. Mtu angezama, akalisukuma bamba juu, akalibana kwa kipande cha mti, na kazi ingeendelea. Nilimtazama kapita. Alikuwa akitazama maji, kofia imekunjwa mkononi, anaogopa. Nilikiona kile kiganja kilichoshika shoka.

"Hakuna kitu, Papa."

Akauliza tena, nikajibu tena. Mara ya tatu alinitazama kwa muda mrefu zaidi. Nikajibu vilevile.

Baba akaita. Sijasikia tena sauti kama ile. Watu ishirini walikuwa mgongo mmoja, kamba ikalia, mashua ikanyanyua pua na kupanda migomba. Kisha ikakwama. Mtu mwingine angesimamisha kazi, lakini baba alikuwa ameambiwa hakuna kitu, kwa hiyo akajua ni tope. Akaita kwa nguvu zaidi.

Ilipasuka kwa mlio ambao ng'ombe waliusikia malishoni. Sanduku liling'oka pamoja na sakafu, tumbo likafunguka kwa urefu wote. Kapita akaketi chini, mikono kichwani. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka ningeweza kuimba.

Baba alishuka majini na koti lake. Akaingiza mkono chini, akalishika lile bamba lililopinda, akakaa nalo kidogo. Kisha akasimama wima.

"Kosa iko yangu," aliwaambia watu.

Kapita akamwita mzee wa bure, mbele ya wote. Wanaume wakakunja kamba bila kumtazama baba usoni.

Mwenye shamba alirudi, na mwezi haukuisha kapita alikuwa njiani, godoro kichwani mwa mkewe. Nilisimama ukingoni mwa barabara makusudi, ili anione. Mpaka leo simwonei huruma.

Mbao za mashua zilitupwa. Nilizibeba hadi nyumbani, nikapikia maharage. Ziliwaka vizuri sana, zilikuwa zimeshiba lami. Baba alitoka shambani, akaona rangi nyeupe ikitoa malengelenge motoni.

"Hii kuni umetoa wapi?"

"Ku gati, Papa. Balichoma yetu, na siye tunachoma yao."

Nilimwekea sahani. Akaisukuma pembeni, akaenda kulala bila kula.

Msimu uliofuata kanisa lilibadilisha boriti. Tulikuwa uani, mimi na yeye, tukipukuchua maharage, na kutoka ng'ambo ya kilima tukasikia mtu mwingine akiita. Kidole cha baba kiligonga ukingo wa ungo, kila mara kidogo kabla ya yule mtu kuita. Nilitaka kumfurahisha.

"Papa, ule anachelewa," nilisema.

Hakuinua kichwa.

"Nilikuuliza mara tatu," alisema.