Daktari wa Jaketi

Weldon Kimeli hajawahi kumtibu hata kuku. Hilo tuliseme mapema, maana kwa miaka minne ungeshuka Subukia ukauliza nyumba ya mama yake, ungeelekezwa "kwa mama daktari." Na Weldon mwenyewe akisikia hivyo alikuwa anatabasamu kidogo na kutazama chini, ungedhani ni mnyenyekevu. Unyenyekevu gani! Ilikuwa ni aibu, ila ilikuwa bado changa.

Kazi yake ilikuwa ya kuchora na kupanga. Alikuwa dizaina wa Okoa Bonde, shirika la huduma za dharura lenye ofisi pale Nakuru mjini: ambulensi sita, gari moja la zimamoto, na watu wanaoruka vitini simu ikilia. Weldon hakuwa mmoja wao. Yeye alikaa chumba cha nyuma karibu na printa, kwenye kiti chenye mto alioununua mwenyewe. Maandishi ya ubavuni mwa ambulensi ni yake. Kalenda, ripoti ya mwaka, mabango ya kuwaambia madereva wapunguze mwendo, vipeperushi vya mashuleni, vyote vilipita mikononi mwake. Ni kazi ya maana, na aliipenda. Angewaambia watu hivyo tu, mambo yangeisha. Shida ilianza na jaketi.

Jaketi la Okoa Bonde ni la rangi ya machungwa, lina mistari inayong'aa, na kila mfanyakazi hupewa lake, hata wale wa uhasibu. Wikendi ya kwanza alipolivaa kwenda nyumbani, jirani mmoja alimwuliza mama yake, "Huyu Weldon siku hizi anafanya kazi gani?" Mama akajibu, "Anaokoa watu." Weldon alikuwa hapo hapo, ana kikombe mkononi. Kusema, "Hapana mama, mimi huchora," kungemchukua sekunde mbili. Akanywa chai.

Kufikia Krismasi alikuwa daktari. Watu walimletea watoto wenye homa, naye akawagusa paji la uso, akafikiri kidogo, akasema, "Huyu mpelekeni dispensari." Ni ushauri mzuri, nani angembishia?

Halafu kukaja mambo ya cheti. Okoa Bonde ilikuwa na sheria kwamba kila mfanyakazi, awe dereva, awe mpishi, ahudhurie siku tatu za mafunzo ya huduma ya kwanza. Weldon alikwenda asubuhi ya siku ya kwanza, akatia sahihi, akarudi kwenye kompyuta yake kwa sababu ripoti ya mwaka ilikuwa inadaiwa. Alijiambia atamalizia awamu nyingine. Wiki iliyofuata Mitchelle, mwalimu wa mafunzo, akamletea orodha ya majina ishirini na mawili ya kuandikiwa vyeti. Sasa fikiria. Karatasi nzuri anayo yeye. Muhuri uko ndani ya kompyuta yake. Sahihi ya mkurugenzi imeshapigwa picha na iko kwenye faili yake. Alichapisha vyeti ishirini na mawili, akatazama mlangoni, akachapisha cha ishirini na tatu. Mama yake alikitia fremu na kukitundika sebuleni, kando ya picha ya marehemu baba.

Haya. Agosti iliyopita wageni walikuja kumposa dada yake, Jepleting. Nyumba ilijaa. Mahali pa baba alikaa Mzee Bethwel, mdogo wa marehemu, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Na kwa sababu wakwe hawapewi chakula cha kubahatisha, mama alikuwa ametafuta mpishi wa maana: Edinah, mama wa makamo mwenye hoteli yake Salgaa, pale malori yanapolala. Alifika alfajiri na sufuria zake, akapika kimya kimya, na kila aliyeonja mchuzi alimwulizia. Mama alimpa kazi ya arusi ya Desemba kabla hata ya mchana.

Mzee Bethwel alikuwa katikati ya nyama na katikati ya utani. Mkwe mmoja alisema neno, mzee akacheka na mdomo umejaa. Kicheko kikakatika. Watu walidhani anavuta pumzi ili aendelee. Kisha akashika koo kwa mikono miwili, macho yakamtoka, wala hakukohoa, wala sauti haikutoka.

"Weldon!" mama akapiga ukelele. "Daktari! Mzee anakufa!"

Wote wakampisha. Yaani watu waligawanyika katikati wakamwachia njia, na Weldon akajikuta amepiga magoti mbele ya baba yake mdogo, ndani ya jaketi lake la machungwa, hajui aanzie wapi.

Na ajabu ni kwamba somo hilo lilikuwa limepita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyetengeneza bango la "Mtu Akikabwa na Chakula," lile lililobandikwa katika hoteli na shule za huku kote. Alikumbuka kwamba lina picha tano na rangi ya nyuma yake ni samawati. Alikumbuka kwamba picha ya pili aliisogeza kushoto ili nembo ipate nafasi. Mtu wa picha ya pili alikuwa anamfanya nini mwenzake? Haki ya Mungu hakujua. Alikuwa amepima ukubwa wa kila herufi na hakusoma sentensi hata moja.

"Maji!" akasema kwa sauti nzito. "Leteni maji!"

Maji yakaja mbio. Akamwinua mzee kidevu na kumwekea glasi mdomoni. Yakamwagika yote kifuani, na uso wa mzee ukaanza kubadilika rangi.

"Toa hayo maji!" Edinah alikuwa ameingia kutoka jikoni, aproni imejaa masizi. Aliipiga glasi ikaruka, ikavunjika. "Unataka kumzamisha?" Akamwinamisha Mzee Bethwel mbele, akamchapa katikati ya mabega kwa kiganja, mara tano, kwa nguvu ya mtu aliyezoea kukanda unga. Hakuna. Basi akaenda nyuma yake, akamkumbatia kiunoni, akakunja ngumi juu ya kitovu na kuivuta ndani, juu, ndani, juu. Wakwe wakaguna. Mwanamke asiyejulikana, amemshika mzee wa nyumba namna hiyo mbele ya wageni! Mara ya nne pande la nyama likatoka na kutua kwenye kitambaa cha meza. Mzee akavuta pumzi ndefu yenye mlio, akaanguka kitini, ameshika mbavu na machozi yanamtoka.

Na mama yake Weldon akamkumbatia nani? Weldon. "Mungu ni mwema! Isingekuwa wewe kuwa hapa!" Mkwe mkubwa akaja kumpa mkono. Mwingine akasema familia yenye daktari ni familia. Weldon alifungua mdomo. Nataka mjue kwamba aliufungua. Kisha mama akamgeukia Edinah.

"Na wewe, nani alikuita humu? Daktari anamshughulikia mtu, wewe unakuja kumvamia! Umemvunja mzee mbavu. Umetuaibisha mbele ya wageni."

Edinah alijifuta mikono kwenye aproni. Alimtazama Weldon, akangoja. Ni kitu kidogo tu alichokuwa anangoja, na chumba kizima kilikuwa kimya cha kutosha. Weldon akainama kuokota vipande vya glasi.

Weldon alimfuata nje Edinah alipokuwa anapakia sufuria kwenye pikapu. Edinah hakuwa amekula; mama alikuwa ameagiza asipewe sahani, na habari ya Desemba ilikuwa imekufa hapo hapo.

"Nakujua wewe," Edinah alisema bila kugeuka. "Ulikuja Salgaa siku Mitchelle anatufundisha haya mambo, sisi watu wa hoteli. Ulikuwa unatupiga picha. Hata uliniambia nirudie, ati mwanga haukuwa mzuri."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amemwona akifanya vile vile, na ngumi ile ile, kupitia kamera. Alishughulika na mwanga.

"Mathe, nisamehe. Nitawaambia. Acha tu wageni waondoke kwanza."

"Sawa, kijana. Wewe waambie."

Wageni waliondoka saa kumi. Weldon hakusema. Jumapili mama alitoa shukrani kanisani kwa ajili ya mwanawe, watu wakapiga makofi, na Weldon hakusema. Wamama wa kanisa wakaanza kuambiana kwamba yule mpishi wa Salgaa ni mtu wa fujo, amezoea kupigana na madereva wa malori, mtu wa heshima asimwite nyumbani kwake. Na nyumba mbili zilizokuwa zimempangia kazi zikamfutilia mbali. Weldon alisikia hayo kwenye simu, kutoka kwa mama yake mwenyewe, akiwa ofisini. Alikata simu akafungua faili ya bango lile. Picha ya nne ilikuwa glasi ya maji yenye alama kubwa ya kukataza, nyekundu. Alijaribu nyekundu saba kabla ya kuchagua ile. Masikio yalimwaka moto peke yake mle chumbani, na mtu alipobisha mlango kuulizia bango jingine, alishtuka kama mwizi.

Wiki ya tatu hakuweza tena. Alinunua mkate na sukari, akaenda kwa Mzee Bethwel, akamkuta amekaa nje anakamua ng'ombe kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ubavu.

"Mzee, nimekuja kukuambia jambo. Siku ile, si mimi niliyekuokoa."

Mzee aliendelea kukamua.

"Mimi si daktari. Hata cheti nilijiandikia."

"Weldon," mzee akasema, "nilikuwa nakufa. Sikuwa kipofu. Nilimwona aliyekuwa ananimwagia maji, na mikono iliyonirudishia pumzi naijua mpaka leo, maana bado inaniuma."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme mimi? Nimwambie mama yako, mbele ya wakwe, kwamba mwanawe ni mwongo?" Akasukuma ndoo pembeni. "Nilisema wewe ni mtu mzima, utajisemea. Jumapili ya kwanza nikakaa nikangoja. Ya pili nikangoja. Juzi nikakutazama unapigiwa makofi tena, nikaona haya mimi kwa niaba yako. Yule mama amekosa kazi. Unangoja nini?"

Weldon aliketi chini kando ya ndoo. Alilia kidogo, na mzee akamwacha alie bila kumbembeleza.

Nia yake ilikuwa kumwambia mama kwanza, Jumamosi, wakiwa wawili tu. Alimkuta anapiga pasi kitambaa cha kichwa cha kuvaa kanisani. "Daktari wangu amekuja!" akasema, na uso wake ulikuwa na furaha nyingi mno. Weldon akasaidia kukunja nguo. Hiyo nayo aiweke kwenye hesabu yake, maana ni kwa sababu ya woga huo mama yake alikuja kuyasikia pamoja na watu wengine wote.

Jumapili, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda, Weldon alisimama. Mama akatabasamu na kujiweka sawa kwenye benchi. Weldon alitembea mpaka mbele. Hakuzunguka. Alisema yeye si daktari wala muuguzi, ni mchoraji wa matangazo. Alisema cheti kilichoko sebuleni kwao alikichapisha mwenyewe. Alisema Mzee Bethwel alipokabwa yeye alimpa maji, jambo ambalo lingemmaliza, na aliyemwokoa ni Edinah wa Salgaa, na kwamba alimwacha mama huyo atukanwe na kufukuzwa bila chakula kwa sababu alitaka kuendelea kuitwa daktari. "Waliomfutia kazi, walimfutia kwa uongo wangu," akasema. "Naomba mumrudishie. Mimi nitakwenda kwake leo, na kesho nitajipeleka kwa mkurugenzi wangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Nyuma mtoto aliuliza kitu akanyamazishwa. Weldon alikuwa amejiandaa kwa hayo yote: minong'ono, vijana kumcheka kituoni, barua ya onyo ofisini, hata kufutwa. Alikuwa ameyapiga hesabu usiku kucha na kuona anaweza kuyabeba.

Kisha akamwona mama yake anasimama.

Alisimama polepole, ameshika benchi la mbele. Kitambaa kilikuwa kimenyooka vizuri kichwani. Hakumtazama Weldon. Aliwageukia wamama wenzake.

"Maneno yale ya Edinah niliyaanzisha mimi," akasema. "Nyumba kwa nyumba, mimi. Amepika kwangu tangu alfajiri na nikasema asipewe sahani. Mtu aliyeniokolea shemeji." Akaachia benchi. "Nilikuwa najivunia mtoto. Nisameheni."

Akabaki amesimama, mama mtu mzima, mikono imeshikana mbele, anangoja hukumu ya watu aliowaambia kila wiki kwa miaka minne kwamba mwanawe anaokoa watu. Weldon alikuwa amekuja na aibu yake mwenyewe na kuitua pale mbele. Hii ya mama hakuwa ameipangia kabisa. Alitaka kwenda kumshika mkono, lakini akabaki amesimama pale mbele ya kanisa zima, analia kwa sauti, huku mama yake akiomba msamaha kwa ajili yake.