Pombe ya Palizi

Ujinga nilioufanya ni huu: nilikata matawi mabichi, nikayafunga kwenye ncha ya mti mrefu, nikausimika pale njia ya kwetu inapoachana na barabara itokayo mnadani. Ilikuwa siku ya mnada, na mama alikuwa ameenda kuchota maji.

Kwetu majani yakisimikwa njiani hayahitaji maandishi. Maana yake humo ndani pombe imeiva, pita. Na mwenye mji, yaani kaya hiyo, akishayaweka hawezi tena kumrudisha mtu. Mpishi akimfukuza mnywaji aliyefuata majani yake, siku nyingine anaweza kusimika msitu mzima na watu wakampita kama wanavyopita josho lililokauka. Nilijua yote hayo. Ndiyo maana nilidhani itachekesha.

Shida ni kwamba pombe ile haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya palizi.

Baba alikuwa mlinzi kwenye kiwanda cha ushirika cha kuchambulia pamba, huko Bariadi, mpaka walipowapunguza. Alirudi nyumbani na redio, koti la kazi na mgongo usiokubali kuinama. Redio ikawa inatuambia kila siku kwamba soko sasa ni huria, mnunuzi yeyote ruksa, na mama akaiamini. Akalima pamba hadi ukingoni mwa mbuga, mahali ambapo miaka yote tuliwaachia ng'ombe wa majirani. Mvua nayo ikaja vizuri mno. Magugu yakaota kwa furaha kuliko pamba, na sisi tulikuwa watu watatu, mmoja haiinamii hata sahani yake.

Kwa hiyo mama akafanya kama wanavyofanya wote. Aliloweka mtama, akauacha uchipue, akauanika, akausaga, akaupika na kuuacha mtungini uchachuke, halafu akapita kwa majirani kuwaomba waje na majembe asubuhi ya kufuata mnada. Watu wa kwetu hawapalilii shamba la mtu kwa kuambiwa ahsante. Wakikosa pombe hawagombi. Wanaweka majembe begani na kukuachia magugu yako.

Mimi nilikuwa likizo. Mwalimu wetu wa biashara alikuwa ametuaga kwa kusema kwamba kwenye soko huria asiyejitangaza hufa. Basi nikajitangaza. Nilikusudia kuung'oa ule mti nikishawaona wazee wawili watatu wakigeuza njia, kisha niende kuwasimulia washikaji. Nikajibanza nyuma ya uzio wa minyaa.

Wa kwanza kugeuza alikuwa mdogo wake babu, ambaye na yeye tunamwita guku, yaani babu. Alikuwa ametoka kuuza ndama, kamba tupu mkononi, koo limekauka. Hakusita hata kidogo. Nyuma yake wakaja wengine, na nyuma yao wengine, na hadi nilipomaliza kucheka walikuwa wameshakaa uani wakiulizia kata.

Baba aliwatazama, akanitazama mimi nikichungulia, akazima redio. Baba hazimi redio hata tukiwa tunasali.

Mama alirudi na ndoo kichwani, akasimama penye mwanya wa uzio. Guku akamwinulia kata na kumwambia pombe yake mwaka huu imetulia kweli. Nilimwona mama akiitazama ile kata, halafu akageuza shingo taratibu, ndoo ikiwa bado kichwani, akayaona majani yangu kule barabarani. Akatua maji. Akapiga goti, akamsalimia kila mzee kwa zamu yake, akaanza kuchota na kugawa. Hakumwaga hata tone. Mtungi ulipobaki machicha wakamshukuru, wakaondoka wakiimba.

Hakunichapa. Alinipa ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko, akaniambia nizunguke kokote walikopika, niombe.

"Na useme mwenyewe ulichofanya," akasema. "Usiseme mama kaishiwa."

Njia yenyewe niliijua kuliko daftari langu. Likizo hiyo nilikuwa nimeshaizunguka na washikaji, tukitembea mji hadi mji kuchungulia nani kapika, tukijiita watalii, maana Wazungu wanapita hapo juu kwenda Serengeti kutazama nyumbu na hakuna anayewauliza nyumbu ni wa nani. Tulijua pombe ya nani ni kali na mbwa wa nani ni mwoga. Siku hiyo njia ni ileile, ila hakuna aliyekuwa anacheka. Baiskeli ya baba isingefaa, udongo mweusi ungejaa kwenye madigadi. Ulinijaa mimi miguuni. Kila hatua nilirefuka kidogo, hadi nikifika kwenye mawe nikawa mrefu kama baba alivyokuwa kabla ya mgongo, nikajikwangua, nikaanza upya.

Kwanza nilifika kwa mjane anayekaa jirani na josho.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia. "Kwetu pombe imepata ajali."

Alicheka, nikapata moyo, nikamsimulia yote kwa mbwembwe, pamoja na guku na kamba yake. Nilipofika kwenye palizi akaacha kucheka. Akaniuliza shamba ni lile la ukingoni mwa mbuga, nikasema ndilo. Akachota, akanywa yeye kwanza, akanipa nionje, maana ndivyo ilivyo: anayebeba pombe ya mtu lazima aionje mbele yake, asije akasema baadaye alipewa mbovu. Ilikuwa imekomaa, chachu ya kuvuta masikio. Akanijazia theluthi ya ndoo na kusema nimsalimie mama.

Mji wa pili uko chini ya mawe makubwa, ukielekea njia ya Lalago. Kulikuwa na watu wengi uani na mitungi imepangwa, nikajua nimepata. Nikaingia na maneno yangu yaleyale, kwetu kumetokea ajali, kwa sauti ya kuchekesha. Hakuna aliyecheka. Ndipo nilipoona wanaume wamekaa chini na wanawake wamejifunga khanga viunoni. Walikuwa wametoka kuzika.

Mzee mmoja akaniita mwanawe, akaniuliza kwa upole, "Nani kaumia, ng'wanone?"

Ningepewa fimbo ningeshukuru. Nikamwambia hakuna aliyeumia, ni pombe tu, ni mimi. Akaitikia kwa kichwa kama vile nimemweleza jambo la maana, akanionyesha mahali pa kukaa. Nikakaa, maana msibani hupiti tu. Pombe yao sikuiomba. Nilipoondoka hakuna aliyeniuliza ndoo ilikuwa ya nini.

Jua lilikuwa limeshainama nilipovuka kijito kwenda kwa mwanamke ambaye mama haongei naye. Waligombana kwenye kwaya, nani aanzishe wimbo, na tangu hapo wanapeana amani kanisani kwa ncha za vidole. Kwake sikuleta mbwembwe. Nilisema: nilisimika majani kwetu kwa mchezo, watu wakanywa pombe ya palizi, kesho wapaliliaji wanakuja.

"Mama yako ndiye kakuelekeza kwangu?"

Ningeweza kumdanganya. Nikasema mama hakutaja mtu, kasema kokote walikopika.

Akaukoroga mtungi wake. Pombe ilikuwa changa, tamu bado, inapumua na kutoa povu. Alionja, nikaonja. Akaniambia atanipa ya kutosha, ila nisiimimine juu ya ile ya mwenzake, maana chachu mbili hazikai chombo kimoja, ningoje aniletee kibuyu. Akaingia ndani kukitafuta.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa pili, na huu sikuufanya kwa kucheka. Nilifikiria ule udongo, ndoo kichwani na kibuyu mkononi, na giza linakuja. Nikachukua kata yake, nikachota haraka haraka, nikamimina ndoo ikajaa. Alipotoka na kibuyu nikamwambia asisumbuke, pombe ni pombe. Alisimama tu na kile kibuyu chake kitupu.

Njiani mfuniko ulianza kuinuka wenyewe. Povu likanishukia shingoni, likanifikia mgongoni. Nyumbani mama alifunua, akanusa, akafunika.

Asubuhi walikuja na majembe na ngoma, guku mbele. Walipalilia vizuri, bega kwa bega, mistari ikisonga. Kisha wakapumzika, kata ikapita. Guku alikuwa wa kwanza. Aliishika pombe mdomoni muda mrefu akimtazama baba, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni ya shamba, redio mapajani, imezimwa. Akaimeza kwa heshima. Wengine waliitema. Ilinuka kama ngozi mbichi iliyonyeshewa.

Hawakugomba. Kila mtu alimalizia mstari aliokuwa ameuanza, maana kuacha mstari katikati ni kumtukana mwenye shamba. Guku akaongeza mmoja peke yake, bila kuimba, nadhani kwa sababu ya kata za jana. Halafu majembe yakapanda begani.

Mchana shamba lilikuwa limegawanyika. Huku udongo mweusi umefunguka na pamba imesimama inaonekana. Kule ni kijani kitupu, huwezi kujua kama kuna mtu aliyewahi kupanda kitu. Nilisimama mpakani natafuta neno la kuchekesha. Silikosi kawaida.

Mama alikuwa ameinama upande wa kijani, anang'oa kwa mikono. Aliongea bila kugeuka.

"Hiyo iliyobaki ni yako. Shule wakifungua hujamaliza, utawaeleza mwenyewe kwa nini. Kueleza umeshazoea."